Kuwa Mshauri wa Fedha za Matunzo ya Wazee Australia: Mwongozo Kamili

Familia nyingi humtafuta mshauri wa mambo haya zikiwa tayari zimechelewa. Mama ameanguka bafuni, amelazwa, na daktari amesema harudi tena kuishi peke yake. Hospitali inataka kitanda chake, makao ya wazee yanataka saini, na watoto hawajui kama nyumba iuzwe, ipangishwe au ifungwe tu kwanza. Anayeweza kukaa nao na kuwaambia kipi kinaamuliwa leo, kipi kinasubiri mwezi ujao na kipi kisiguswe kabisa, huyo ana kazi.

Ukiivua majina yake makubwa, kazi hii ni kupanga maamuzi yafuatane sawasawa. Hesabu zina sehemu yake, na nitazifikia, lakini makosa ya gharama kubwa hutokana na mambo sahihi kufanywa kwa mpangilio usio sahihi: nyumba inauzwa kabla ya kujua pensheni ya uzee ya serikali itaathirikaje, au zawadi inatolewa kabla ya fomu kujazwa.

Mwongozo huu unahusu Australia. Nimewafikiria hasa watu wetu walio kule ambao tayari wako karibu na kazi hii bila kujijua: wahudumu wa makao ya wazee, wauguzi, wahasibu, wafanyakazi wa benki. Dola zote ni za Australia.

1. Fahamu unaingia wapi

Sura ya sekta hii imechongwa na tume mbili za kifalme, yaani tume kuu za uchunguzi za serikali. Ya kwanza, iliyoongozwa na Kenneth Hayne, ilitoa ripoti yake ya mwisho Februari 2019 baada ya kuanika jinsi taasisi za fedha zilivyowatendea wateja, pamoja na kuwatoza ada ya ushauri watu waliokwisha kufa. Masharti ya elimu yaliyokuwa yameanza kukazwa wakati huohuo yaliwafanya wengi wafunge ofisi. Washauri waliosajiliwa, ambao mwishoni mwa 2018 walikuwa takriban 28,000, wamepungua hadi karibu 15,500. Wazee hawajapungua, kwa hiyo nafasi ipo.

Ya pili ilichunguza ubora wa matunzo ya wazee na kumaliza Machi 2021. Matunda yake ni Sheria ya Matunzo ya Wazee ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025. Hapa mgeni ana bahati. Mkongwe wa miaka 20 naye amelazimika kujifunza ada mpya, fomu mpya na msamiati mpya, na pengo kati yenu si kubwa kama lilivyokuwa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu pesa zako mwenyewe: usije ukitarajia kamisheni. Kamisheni kwenye bidhaa za uwekezaji zilipigwa marufuku kuanzia Julai 2013, na mabaki ya mikataba ya zamani yakafutwa Januari 2021. Bima za maisha bado zinalipa kamisheni, lakini mjane wa miaka 84 haji kwako kutafuta bima ya maisha. Utaishi kwa ada anayokulipa mteja.

2. Karatasi

Kisheria kuna tofauti kati ya kutoa maelezo na kutoa ushauri. Kumwambia mtu ada za makao ziko za aina ngapi ni maelezo, yeyote anaweza. Kumwambia "kwa hali yako, lipa nusu ya amana na usiuze nyumba" ni ushauri binafsi, na huo unahitaji leseni. Wapo mawakala wa kutafutia wazee nafasi kwenye makao ambao huvuka mstari huu kila siku wakidhani wanasaidia. Usiwaige.

Ili uwe mshauri kamili unahitaji:

- Shahada ya kwanza au ya juu zaidi iliyoidhinishwa. Shahada ya nje ya Australia haikubaliki yenyewe. Inaombewa idhini, na jambo hilo ulishughulikie kabla ya kulipia chuo chochote.
- Mtihani wa taifa wa washauri wa fedha, unaosimamiwa kwa niaba ya ASIC, mamlaka inayodhibiti sekta.
- Mwaka wa mafunzo kazini wa saa 1,600, ambazo 100 kati yake ni za masomo yaliyopangwa. Umegawanywa robo nne, na mtihani wa taifa lazima uwe umefaulu kabla ya kuingia robo ya tatu.
- Kampuni yenye leseni inayokubali kukusimamia na kukusajili. Mshauri wa kawaida hashiki leseni yake. Anafanya kazi chini ya leseni ya kampuni.

Baada ya hapo ni saa 40 za masomo kila mwaka, daima.

Unapochagua masomo, hakikisha sheria ya kodi na sheria ya biashara zimo. Bila hizo huwezi kutoa ushauri wa kodi kwa malipo, na hakuna familia inayouza nyumba bila kuuliza kodi. Mfano mdogo: mzee akihama nyumbani kwake kwenda makao, nyumba hiyo inaweza kuendelea kuhesabiwa kama makazi yake makuu kwa madhumuni ya kodi ya faida ya mauzo hata ikipangishwa, mradi isizidi miaka sita. Ikikaa bila kupangishwa, hakuna kikomo. Mtu anayejua hilo hamharakishi mama kuuza.

Kinachowashinda wengi ni huo mwaka wa mafunzo, kwa sababu kampuni zinazopokea wanafunzi si nyingi. Njia ninayoiona fupi ni kuingia kwanza kama msaidizi wa mshauri au mwandaaji wa ripoti za ushauri. Mshahara wa kuanzia haufurahishi, lakini utasoma mafaili mengi, na ndani ya mafaili ndimo fani ilimo. Ukiwa umewahi kuhudumia wazee, liandike juu kabisa kwenye wasifu wako. Mwajiri anaweza kukufundisha programu za kompyuta. Kumfundisha mtu asimwogope mgonjwa wa kusahau ni kazi nyingine.

3. Hesabu, kwa mkono kwanza

Programu za kukokotoa zipo na utazitumia. Lakini jifunze kwa karatasi na kalamu mpaka uweze kuichora hesabu mbele ya familia. Wanaamini namba wanayoiona ikizaliwa.

Mzee anayeingia makaoni chini ya sheria mpya anakutana na mafungu manne. La kwanza ni ada ya msingi ya kila siku, ambayo ni asilimia 85 ya pensheni ya msingi ya mtu mmoja. Hii wanalipa wote. La pili ni mchango wa huduma za kawaida kama chakula, usafi na ufuaji, na la tatu ni mchango wa matunzo yasiyo ya kitabibu. Haya mawili yanategemea mali na kipato, na yana ukomo. Matunzo ya kitabibu hulipiwa na serikali. La nne ni malazi, na hapo ndipo kwenye vita.

Malazi yana njia tatu: kuweka amana nzima, yaani fungu la pesa ambalo makao hulishika na kulirudisha mzee anapoondoka au kufariki, kasoro makato nitakayoyataja (kila mtu kwenye fani anaiita RAD); kulipa kila siku; au kuchanganya. Malipo ya siku hupatikana kwa kuzidisha amana isiyolipwa kwa kiwango cha riba kinachotangazwa na serikali kila robo mwaka, kisha kugawa kwa 365.

Tuchukue mama mjane. Chumba amana yake ni dola 500,000. Benki ana 120,000, na ana nyumba. Tufanye riba ni asilimia 8, ili hesabu iwe rahisi.

Asipoweka amana hata kidogo: 500,000 mara asilimia 8 ni 40,000 kwa mwaka, yaani kama 109.59 kwa siku. Pensheni yake karibu yote inamezwa na ada ya msingi. Akiba ya 120,000 ikibeba malazi peke yake inaisha kwa miaka mitatu, na hapo hatujagusa nguo, dawa wala simu. Kwa hiyo "tusiuze nyumba" ni uamuzi wenye tarehe ya mwisho, na watoto lazima waione tarehe hiyo.

Sasa aweke 100,000 kutoka benki. Inabaki 400,000 isiyolipwa, malipo yanashuka hadi 32,000 kwa mwaka. Ameokoa 8,000. Kabla ya Novemba 2025 hesabu ingeishia hapo na ungemwambia hakuna benki itakayompa asilimia 8 bila hatari. Siku hizi makao yanakata asilimia 2 ya amana kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitano, na hairudi. Kwenye 100,000 hiyo ni takriban 2,000 kwa mwaka. Faida halisi ya kuweka amana imeshuka kutoka 8,000 hadi kama 6,000. Bado ni nzuri, ila mshauri anayeendelea kusema "amana inarudi yote" anadanganya, hata kama hajui. Na anayelipa kwa siku naye asijisahau: malipo yake sasa hupandishwa mara mbili kwa mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Halafu ije pensheni. Pesa iliyowekwa kama amana ya malazi haihesabiwi kwenye tathmini ya mali ya pensheni. Lakini inahesabiwa kwenye tathmini ya ada za matunzo. Mlango mmoja unafunguka, mwingine unajifunga. Lazima uhesabu yote mawili kwa pamoja. Nyumba nayo ina tabia zake mbili. Kwenye pensheni inasamehewa kwa miaka miwili tangu mzee ahamie makaoni. Kwenye ada za matunzo inahesabiwa kwa kiwango chenye kikomo, kinachozidi kidogo dola 200,000, hata kama thamani yake sokoni ni milioni mbili. Na kama ndani amebaki mume, mke au mtoto tegemezi, haihesabiwi kabisa. Ndugu wa karibu aliyeishi humo miaka mitano, au mlezi aliyeishi humo miaka miwili, naye anaweza kuisamehesha nyumba ikiwa anastahili msaada wa kipato wa serikali. Hilo la mwisho liulize kila mara. Yule binti aliyeacha kazi akahamia kwa mama, ambaye ndugu zake wanamwita "anayekaa bure", pengine ndiye anayeiokoa nyumba.

Kwa wanaobaki nyumbani, mpango unaitwa Support at Home, nao umeanza siku ileile ya 1 Novemba 2025. Mwenye pensheni kamili anachangia asilimia 5 kwa huduma za kumsaidia kujitegemea na asilimia 17.5 kwa kazi za kila siku kama usafi na bustani. Asiyepata pensheni kabisa anaweza kufika asilimia 50 na 80. Wakati mwingine jibu bora kwa familia ni kuahirisha makao kwa mwaka mmoja, hata kama ada yako inaahirishwa nayo.

Tahadhari: waliokuwa makaoni kabla ya tarehe hiyo wamebaki kwenye sheria za zamani, na waliokuwa tayari na kifurushi cha matunzo ya nyumbani, au wameidhinishiwa, ifikapo 12 Septemba 2024 wanalindwa wasiwe katika hali mbaya zaidi. Swali lako la kwanza kabla ya kufungua kikokotoo ni "aliingia lini?"

4. Mkutano wa kwanza

Watakuja wanne na mzee hayupo. Kifungua mimba atazungumza kwa niaba ya wote, mdogo atakuwa kwenye simu kutoka mji mwingine, na mkwe atakuwa na majedwali. Kabla ya namba yoyote, jiulize mteja wako ni nani. Ni mzee. Si anayelipa ada yako, si aliyekupigia simu, si mwenye sauti. Kama mzee ana akili timamu, aletwe, au uende alipo. Wazee wetu wengi hawasemi kiasi cha akiba yao mbele ya watoto, kwa hiyo omba dakika za faragha, salimia kama inavyostahili, na usianze na pesa.

Kama hana tena uwezo wa kuamua, dai kuona hati ya uwakala wa kudumu inayompa mtu mamlaka juu ya fedha zake. Isome, usiishie kuambiwa ipo. Sheria zake zinatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na mara kwa mara mamlaka wamepewa ndugu wawili ambao lazima waamue pamoja na hawasalimiani. Hati isipokuwepo, njia ni baraza la jimbo, kama NCAT kule New South Wales au VCAT Victoria, na huko kunachukua muda ambao familia haina. Ndiyo maana ukikutana na watu wa miaka 65 wenye afya, jambo la kwanza la kuwahimiza ni hati hiyo.

Maswali yangu ya lazima, kwa mpangilio huu: ameshatathminiwa kupitia My Aged Care, huduma ya serikali ya kuombea matunzo ya wazee? Ameingia lini, au anaingia lini? Bei ya chumba imekubaliwa kwa maandishi? Nani anaishi kwenye nyumba? Ametoa zawadi gani miaka mitano iliyopita? Wosia unasemaje?

Zawadi: zinazozidi dola 10,000 kwa mwaka wa fedha, au 30,000 ndani ya miaka mitano, zinaendelea kuhesabiwa kama mali yake kwa miaka mitano. Kwa hiyo yule kaka anayependekeza "tumhamishie mjukuu nyumba kabla hatujajaza fomu" amechelewa, na mpango wake unaweza pia kuwa unyanyasaji wa mzee. Mwambie wazi, kwa adabu, mbele ya wenzake.

Wosia husahaulika kabisa. Mama ameandika nyumba apewe Binti wa kwanza, pesa za benki wagawane wengine. Nyumba inauzwa ili kulipa amana. Mama akifariki, amana inarudishwa kwenye mirathi ikiwa fedha taslimu, na Binti wa kwanza anaweza kujikuta hana kitu. Hakuna aliyekusudia. Baadhi ya majimbo yana kinga pale nyumba inapouzwa na mwenye uwakala, lakini usiitegemee. Wapeleke kwa mwanasheria kabla ya nyumba kutangazwa.

5. Waachie mpangilio, wasiondoke na bidhaa

Anayeingia makaoni ana siku 28 za kuamua atalipaje malazi. Katika siku hizo analipa kwa siku. Familia zikijua hili, mabega yanashuka. Ripoti yako iwe na ukurasa wa kwanza unaosema: wiki hii saini kile, peleka fomu ya mali na kipato Services Australia, shirika la serikali linalolipa pensheni (isiyopelekwa humfanya atozwe viwango vya juu), ndani ya siku 28 chagua njia hii ya kulipa, nyumba isiguswe mpaka mwezi fulani, na sababu ni hizi. Kurasa za nyuma ziwe za sheria na majedwali.

Linganisha angalau njia tatu kwa miaka mitano, na onyesha mwaka ambao pesa zinaisha katika kila moja. Usisahau mkopo wa serikali kwa dhamana ya nyumba, Home Equity Access Scheme, ambao riba yake ilishushwa hadi asilimia 3.95 Januari 2022. Unapozidi kuona riba ya malazi ikiwa karibu mara mbili ya hiyo, unajua kwa nini inafaa kuutaja. Wengi hawajawahi kuusikia.

Maadili ya taaluma yana viwango 12. Kwa kazi hii nakisisitiza cha tatu: usishauri pale ulipo na mgongano wa maslahi. Pesa iliyobaki baada ya kuuza nyumba inaweza kuwa mamia ya maelfu, na mshauri anayetoza asilimia ya fedha anazosimamia ana kila sababu ya kupendelea isiingie kwenye amana. Dawa yake ni kutoza ada ya mara moja, iliyotajwa kabla ya kazi kuanza, isiyobadilika familia ikichagua lolote.

6. Wateja watatoka wapi

Kwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, wanasheria wa mirathi, wahasibu wadogo wa mitaani, na mameneja wa makao. Waendee na kitu cha manufaa, kama ukurasa mmoja unaoeleza mafungu manne ya ada. Usilipe wala kupokea bahasha ya kuletewa wateja. Misikiti, makanisa na vyama vya jamii vitakualika uzungumze. Nenda, lakini ukiwa jukwaani baki kwenye maelezo. Mtu akisimama na kusema "mama yangu ana laki nne, afanyeje?", mpangie siku.

Asiye na nyumba wala akiba usimtoze. Serikali ina huduma ya bure ya taarifa za fedha ndani ya Services Australia, na mzee wa namna hiyo mara nyingi anastahili kulipiwa malazi. Mwelekeze huko, msindikize kwa simu moja. Mfanyakazi wa hospitali atakumbuka.

7. Kalenda ya ofisi

Viwango vya pensheni na ada nyingi hubadilika tarehe 20 Machi na 20 Septemba; vikomo vya mali, tarehe 1 Julai; riba ya malazi, kila mwanzo wa robo. Kiwango cha juu cha amana ambacho makao yanaweza kudai bila idhini maalumu kilipandishwa kutoka 550,000 hadi 750,000 tarehe 1 Januari 2025, na sasa hupanda kila mwaka. Kila ripoti yako iandikwe tarehe ya viwango vilivyotumika, juu kabisa, kwa sababu mtoto wa mteja ataifungua miezi minane baadaye na kukupigia akiuliza mbona namba hazilingani.